Zamu ya Kizingitini

Chande alipokuja kumwambia kwamba kuna mtu baharini anamwita kwa jina, Nakiete Mbwambo alidhani ni mizaha yake ya kila siku. Akaendelea kugonga barafu iliyoganda kwenye mdomo wa bomba.

"Anasemaje huyo mtu?" akauliza bila kugeuka.

"Anauliza kama umefika."

"Mwambie nimesafiri."

"Dada Naki, leo sitanii." Chande alikuwa amesimama kwenye mwanga wa taa ya mlangoni, kofia mkononi, katika baridi ambayo mtu hathubutu kuvua hata glavu. "Nimetoka Newala sijui kuogopa ni nini. Sasa najua. Njoo usikie mwenyewe."

Ile kofia mkononi ndiyo iliyomfanya Nakiete aweke nyundo chini.

Ilikuwa adhuhuri, ingawa katika majira yale, juu ya barafu ya bahari ya Grinlandi, adhuhuri na usiku vilikuwa na rangi moja. Kuzunguka kituo, mashine zilinyanyua maji ya bahari na kuyamwaga juu ya barafu. Yalipoganda yaliiacha chumvi yake, nayo ikachuruzika kupitia nyufa hadi kwenye maji ya chini. Maji yale, yakiwa yamepoa na kujaa chumvi, yakawa mazito kuliko jirani zake, yakazama. Hiyo ndiyo kazi iliyowaleta: kuzamisha maji. Zamani bahari ilijizamisha yenyewe kila majira ya baridi, kwa upepo tu na ubaridi. Kisha barafu ya nchi kavu ikayeyuka, maji yasiyo na chumvi yakatanda juu kama mafuta juu ya mchuzi, na bahari ikaacha kuzama. Maji ya vuguvugu ya kusini yakakosa nafasi ya kuja kujaza, mzunguko mzima ukalegea, na mvua zikahama njia zake. Kwao Nakiete, Suji, kwenye milima ya Upare, vuli ilikosekana mfululizo mpaka watoto wakawa wanaijua kwa kusimuliwa.

Katika chumba cha kusikilizia, spika zilikuwa zikileta mambo ya kawaida. Barafu ilijikuna. Nyangumi alijisemea peke yake mahali fulani. Nakiete akavuta kiti, akakaa, akangoja.

"Naki, umefika?"

Sauti ya mwanamume, tulivu, yenye kukwaruza kidogo mwishoni kama ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kusema na mtu. Kabla haijaisha ikaja nyingine, ile ile, kutoka mbali zaidi. "Naki, umefika? Zamu yako." Halafu nyingine. Na nyingine tena, zikipandana, baadhi zikisikika kama zipo chumba cha pili, baadhi kama zipo ng'ambo ya mlima.

Nakiete alikuwa ametia udongo kwa mkono wake juu ya jeneza la mwenye sauti ile.

"Unamjua?" akauliza Chande, ambaye alikuja kituoni baadaye na hakuwahi kumwona.

"Ni kaka yangu. Eliamini."

"Yule marehemu?"

"Yule."

Chande akavaa kofia yake tena, akaivuta mpaka masikioni.

*

Injinia Wakio Mwakima, mkuu wa kituo, alikuwa Mtaita mwenye tabia ya kufuta miwani yake kabla ya kusema jambo zito. Alisikiliza sauti zile amesimama, kisha akafuta miwani.

"Ni wachunga wa majira ya kwanza," akasema. "Hakuna kingine."

Mchunga alikuwa chombo cha ukubwa wa boga, chenye mapezi mawili, ulimi wa kuonja chumvi na masikio ya kupokea amri. Maji yakizama huenda chini kama nguzo, na nguzo hiyo haitulii: dhoruba huisukuma, mkondo huikata. Wachunga walizama nayo, na kwa milio mifupi wakaziambia mashine za juu wapi zimwage zaidi na wapi zipunguze. Mwanzoni waliwekewa hesabu za kompyuta, na kila mara nguzo ilivunjika. Aliyeweza kuishika alikuwa mtu mmoja. Eliamini alikulia kwenye ndiva ya Suji, lile bwawa la kumwagilia ambalo wazee walilijenga kwa mawe na udongo, na maji aliyajua kama mtu anavyojua usingizi wa mtoto wake. Basi wakachukua nakala ya akili yake na kuitia ndani ya kila mchunga. Mwenyewe alitia sahihi huku akicheka. "Sasa nitakuwa mwingi kuliko ukoo," alisema.

Jambo ambalo hakuna aliyelitilia maanani lilikuwa hili. Kwenye ndiva ya Suji, mwenye zamu haondoki kwenye mlango wa maji mpaka anayempokea awe amesimama juu ya ukuta na kutamka neno "nimepokea". Salamu haitoshi. "Nimekuja" haitoshi. Kama neno hilo hukulisikia, unakaa, iwe kwa njaa au kwa baridi. Eliamini aliuleta utaratibu huo kituoni na wote wakauzoea. Siku ya kunakiliwa, mafundi walimwomba aende kwenye chumba chao, naye akakataa kuacha kiti kwa kuwa zamu yake ilikuwa haijapokewa. Wakamvika kofia ya nyaya pale pale alipokaa, mwishoni mwa zamu, akimngoja Nakiete. Walimaliza, wakakunja vitu vyao. Nakiete akafika kwa wakati wake, akasema nimepokea, na kaka yake akaenda kula.

Nakala zilikatwa kabla ya neno lile. Hakuna aliyeona kwamba hilo ni kosa. Kwa kweli wachunga wale walifanya kazi kwa namna ya kushangaza. Walikuwa hawachoki kungoja.

"Walitakiwa kuzimika," akasema Wakio. "Chakula chao ni tofauti ya joto kati ya maji na maji. Chini kabisa maji yote ni baridi moja. Tulihesabu kwamba watalala huko moja kwa moja."

"Na kizingiti?"

Kati ya Grinlandi na Aisilandi, chini ya bahari, kuna ukingo wa mwamba kama kizingiti cha mlango. Maji mazito hulijaza bonde la kaskazini polepole, kama maji kwenye hori, kisha humwagikia upande wa pili. Hapo huporomoka kuelekea vilindi vya Atlantiki, poromoko ambalo hakuna jicho linaloliona. Maji baridi hukutana hapo na maji ya vuguvugu. Wachunga wa majira ya kwanza walikuwa wamefika, wakashiba, wakaamka. Sauti walikuwa nayo ndani yao tangu mwanzo; walichokosa ni nguvu za kuitoa.

"Hatukuwaza kizingiti," akasema Wakio.

"Wakishavuka?"

"Wanakwenda na maji. Kusini, chini chini. Maji hayo hukaa karne na zaidi kabla ya kuliona jua."

"Wakiwa macho?"

"Ule mteremko una tofauti za joto njia nzima." Akavaa miwani. "Sijui, Nakiete. Huenda."

"Na kebo yetu ya sauti inaishia wapi?"

"Hapo hapo kizingitini. Wiki hii tunawafikia. Baada ya hapo, hapana."

"Basi nawaambia sasa. Ni neno moja."

"Ndilo ninaloliogopa." Wakio akaashiria skrini, mahali nguzo ya mwaka huu ilipoonekana ikishuka kama kamba nyeusi. "Bahari haina vyumba. Ukisema kizingitini, nguzoni wanasikia. Na walioko nguzoni ni huyo huyo kaka yako, wanakungoja wewe yule yule. Wote wataacha kazi, katikati ya majira. Mvua iliyoanza kurudi kwenu, nadhani unajua itakuwaje."

Nakiete alijua.

"Halafu si watu," Wakio akaongeza kwa upole. "Ni mazoea ya mtu tu."

"Huenda," akasema Nakiete. "Hata mimi sehemu kubwa ni mazoea."

*

Wakio alimruhusu kuongea nao kwa sharti moja, kwamba lile neno asilitamke. Nakiete akasogeza maikrofoni.

"Kaka. Ni mimi."

Spika zikanyamaza ghafla, mpaka poromoko lenyewe likasikika, ngurumo nzito isiyo na mwisho. Halafu zikaja "eeh" nyingi, moja nyuma ya nyingine, za karibu na za mbali, kama pumzi za watu waliokuwa wakisukuma gari na limeanza kwenda.

"Umechelewa leo," akasema aliyekuwa karibu zaidi. "Au saa yangu ndiyo mbovu."

"Nimechelewa."

"Mbona sauti hivyo? Umelia?"

"Mafua."

"Mafua ya huku yana mkataba wa kudumu," akasema, na wote wakacheka kicheko chake, kile cha puani. Chande, aliyekuwa amekaa pembeni, akainuka akatoka bila kuaga.

"Umechoka, kaka?"

"Kuchoka si sana. Tatizo hapakuwa na cha kuchunga. Maji yote yalikuwa sawa, Naki. Nageuka huku, sawa. Nageuka kule, sawa. Nimekaa hivyo muda mrefu. Nikadhani nimesinzia zamuni, nikaona aibu hata ya kuita. Sasa hapa pana kelele, nimezinduka. Ila nasikia kama napelekwa." Kisha akauliza, "Nyumbani imenyesha?"

"Imenyesha. Ndiva imejaa mpaka inagusa ukuta. Watu wamepanda maharage mpaka kando ya njia."

Hilo lilikuwa kweli. Hata siku ya mazishi yake ilinyesha, wabeba jeneza wakateleza, na watu waliokuwa wameisubiri mvua ile kwa muda wote huo hawakujua kama walie au wakimbilie kufungua mifereji. Nakiete hakulisema hilo.

"Naki. Najua mimi ni nakala. Nilitia sahihi, sikusahau. Yule mwenyewe, siku ile, alipokewa?"

"Alipokewa. Nilifika, nikamwambia."

"Akaenda kula."

"Akaenda kula."

"Alishiba?"

Nakiete alimkumbuka pale jikoni, akipangusa sahani ya maharage kwa kipande cha chapati, akiuliza kama kuna nyingine. "Alishiba. Alirudia."

"Vizuri." Poromoko likanguruma. "Na mimi je?"

Neno lilikuwa mdomoni, tayari, jepesi kama mbegu. Mlangoni Wakio alikuwa ameinamisha uso. Angeweza kuizima maikrofoni, hakuizima.

"Shikilia kidogo, kaka," akasema Nakiete. "Nakuja."

*

Suji palikuwa na mtu mmoja aliyeitwa Kirumbe. Alisema nimepokea juu ya ukuta wa ndiva, kisha akaenda kulala migombani. Ukuta ukabomoka, maji yakachukua shamba la jirani. Hakutozwa faini wala hakusemwa. Ila tangu siku hiyo hakuna aliyempa kitu mkononi. Ukimletea kikombe unakiweka chini, naye anakiokota. Hivyo hivyo mpaka alipokufa. Nakiete alimwona kwa macho yake akiokota kikombe cha chai kwenye arusi ya mwanawe.

"Siwezi kulisema nikiwa kwenye kiti hiki, halafu nikaenda kulala," akamwambia Wakio. "Hata kama nguzo isingekuwepo. Atakayelisema lazima awe amesimama kwenye maji."

Wakio alimwelewa kabla hajamaliza. "Hapana."

"Wachunga wa akiba wapo ghalani. Watupu. Chukua nakala yangu, uitie humo."

"Hapana, Nakiete. Umemsikia alivyo. Unataka kumpeleka mwingine huko?"

"Yeye hakuambiwa jinsi kunavyokuwa. Huyu ataambiwa. Na atajua nani anampokea, na lini."

"Lakini hujamuuliza."

Nakiete alikwisha kuligeuza hilo kichwani kila upande. Mtu pekee aliyestahili kuombwa ruhusa alikuwa bado hayupo, na akishakuwepo atakuwa tayari majini.

"Sijamuuliza," akasema mwishoni. "Namjua tu. Atakasirika kwanza, kisha atafanya kazi. Kama nimemkosea, sijui. Atakayelijua hilo ni yeye, siyo mimi."

Chande akaingia na birika la chai ya tangawizi, akawakuta wote wawili wamemgeukia.

"Mbona mnaniangalia kama ng'ombe wa mahari?"

"Zamu inayofuata yangu ni ya nani?" akauliza Nakiete.

"Yangu. Kwani leo ni nini?"

Walimweleza. Majira yakielekea kuisha na nguzo haihitaji kuchungwa tena, kabla wachunga wapya hawajazama kuipita, Chande atasimama kwenye maikrofoni na kuwapokea. Hivyo hakuna atakayefika vilindini bila kuitikiwa, mwaka huu wala mingine. Chande alisikiliza, birika likiwa bado mkononi.

"Na nikifa kabla?"

"Usife."

"Dada Naki, nilikuja huku kuendesha winchi." Akamimina chai, vikombe vitatu. Cha Nakiete hakukiweka mezani. Alimpa mkononi, akasubiri mpaka vidole vyake vimekishika. "Haya. Nitakuwepo."

Wakio ndiye aliyemfunga kofia ya nyaya. Aliifunga taratibu, akizitenga nywele za Nakiete kama mtu anayesuka. Walingoja mpaka zamu ya Nakiete ilipoanza, akaketi, akashika usukani wa nguzo, na pale pale mwanzoni Wakio akawasha. Nakiete akaanza kusema kwa sauti, polepole, kama anayeongea na mtu aliyekaa mbele yake.

"Wewe utakayeamka majini, zamu yako imeanza sasa hivi. Unampokea kaka. Atakayekupokea wewe ni Chande, na ameahidi. Ukifika mahali maji yote yakawa sawa, jua hujasinzia. Ni maji tu. Na ukinichukia, una haki."

*

Chande aliwashusha wachunga wapya kwa winchi, wakaingia kwenye tundu la barafu mmoja baada ya mwingine, wakapotea.

Kwa muda nguzo iliyumba. Kwenye skrini kamba nyeusi ilinepa katikati, ikawa nyembamba, na Wakio akasogea mbele mpaka miwani yake karibu iguse kioo. Milio ilikuwa imechanganyika, ya zamani na mipya, kama watu wawili walioshika mpini mmoja wa jembe. Kisha ile mipya ikaanza kutangulia. Ongeza mashariki. Punguza. Subiri. Nakiete aliitambua tabia ile ya kusubiri kidogo kabla ya kuongeza, ilikuwa yake. Kamba ikanenepa, ikanyooka.

"Wameishika," akasema Wakio.

Nakiete akainama kwenye maikrofoni.

"Kaka," akasema. "Nimepokea."

"Haya," ikajibu sauti ya karibu, na ndani yake palikuwa na ile pumzi ya mtu anayenyoosha mgongo. "Zamu njema, mdogo wangu."

"Haya," ikasema nyingine. "Haya." "Haya." Zilikwenda zikizimika kutoka nguzoni hadi kizingitini, kama taa za vibanda soko linapofungwa, mpaka ikabaki ngurumo ya maji yanayoporomoka.

Walikuwa wamekwisha kuacha kusikiliza walipoisikia, hafifu sana, upande wa pili wa kizingiti, kusini, mahali kebo haifiki.

"Naki, umefika?"

Mchunga mmoja alikuwa ametangulia kuvuka. Nakiete akafungua sauti mpaka mwisho. "Nimepokea," akasema. "Nimepokea, kaka. Nimepokea." Alilirudia mpaka Wakio akamwekea mkono begani. Sauti ile haikusikika tena. Kama alilisikia neno, au kama alikuwa amekwenda mbali tu, hakuna chombo pale cha kuwaambia.

Ndipo spika ya nguzoni ikakwaruza. Wachunga wapya walikuwa na betri zilizojaa, na nguvu ya kusema bado wanayo.

"Chande," akasema Nakiete kutoka chini ya maji. "Upo?"

Chande akamtazama Nakiete aliyekaa karibu naye, mdomo umefumba, mikono mapajani. Akaisogelea maikrofoni kama mtu anayesogelea kitanda cha mgonjwa.

"Nipo, dada. Bado zamu yako."

"Najua. Nilitaka kujua tu kama upo."

"Nipo."

Nakiete akainuka. Chande akaketi kwenye kiti chake, akatamka lile neno la kawaida kwa mtu aliye hai, na Nakiete akapita ujia mrefu mpaka jikoni. Hakuwa na njaa hata kidogo. Akapakua ugali na maharage, akakaa peke yake mezani, akala mpaka akashiba, kwa sababu alijua ipo siku ataulizwa.